Alama Kwenye Bomba la Siti

Kimo cha baba mkwe wangu nakijua kuliko ninavyoijua sura yake. Kwenye bomba linaloshika siti ya baiskeli yake nyeusi kuna mkwaruzo alioupiga kwa msumari. Siti ikifika hapo ndiyo inamfaa. Mimi inanifaa vidole vinne chini ya hapo. Sura yake naijua kwa picha ya ukutani tu, nayo imeliwa na unyevu upande mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Matema, ufukweni mwa ziwa. Kwetu pia wakwe tunawaheshimu, lakini mtu unamsalimia mkweo na maisha yanaendelea. Nilipoolewa huku Ikolo, kwenye nyumba ya Wanyakyusa wanaoshika mambo ya wazee, nilikuta mke wa mtoto hamkabili baba wa mumewe. Haketi naye, hamtazami, na wakikutana njiani anaingia pembeni na kumpa mgongo mpaka apite. Majirani wengi wameshalegeza. Nyumba yetu haikulegeza hata kidogo. Kwa miaka minne nilimjua mzee kwa kikohozi: akikohoa upande wa migomba, mimi nageukia jikoni. Mwanzoni nilikasirika, nikaona nimefanywa mzuka katika nyumba yangu mwenyewe. Baadaye nikazoea, kisha nikaanza hata kuipenda hali ile. Ilikuwa kama kuishi na ziwa siku za ukungu: hulioni, ila unalisikia lipo.

Ndipo ukaja msimu wa baiskeli. Kakao ilipanda bei mpaka wenye miti mitatu nyuma ya choo wakaanza kutembea kifua mbele. Petroli nayo ikapanda, na bodaboda wakawa wanataja nauli ya kukufanya ushuke kabla hujapanda. Kyela ni tambarare, na baiskeli ndiyo miguu yetu tangu zamani, basi watu wote wakaikumbuka kwa mpigo. Nilipofika mjini, kwenye duka la baiskeli la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka pwani, nilikuta kuta tupu na ndoano zinaning'inia. Hata ile baiskeli aliyoitundika juu ya mlango miaka yote, iwe kibao cha duka, ilikuwa imeteremshwa na kuuzwa pamoja na vumbi lake.

“Mwanangu, zimebaki kengele na pampu,” aliniambia, kofia ameisukuma nyuma kwa uchovu. “Ukitaka kupiga kengele huku ukitembea kwa miguu, nitakuuzia.”

Sikucheka. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, darasa la pili, shule ya msingi iliyo kata ya jirani, na kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Tangu nauli zipande nilikuwa nimechelewa mara mbili. Mwalimu mkuu alisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho, kwa sababu wenye vyeti wanaongoja nafasi hiyo ni wengi. Kazi ile niliitaka mno. Nilikuwa nimekaa nyumbani na cheti changu miaka mitatu, mume wangu yuko Tunduma na malori, na nilijiona naota kutu. Mwenye duka akaliandika jina langu kwenye daftari la wanaosubiri, nikarudi nyumbani kwa miguu huku nikilia waziwazi, bila kujali nani ananiona.

Kesho yake mama mkwe akaja jikoni na ujumbe. “Mzee anasema, asubuhi baiskeli haina kazi.”

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Mkwe akalie alipokalia mkwewe? Hata mama mkwe lilimtatiza. Alipepeta mchele mchana kutwa, na jioni akatoa hukumu: “Siti ikishushwa, si ile siti.”

Ikawa sheria yetu: asubuhi naishusha, nikirudi saa nane naipandisha mpaka kwenye mkwaruzo, naiegesha baiskeli chini ya upenu na kuingia ndani. Saa kumi mzee anaichukua kwenda Makwale kwa rafiki yake. Akifika kwenye kona ya migomba anapiga kengele mara moja, nami najua njia iko wazi, naweza kutoka kuteka maji.

Siku ya kwanza kabisa nilisahau kuipandisha. Spana ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu, lakini mzee hakuja kuiulizia, na kumtuma mtu kwa mkwewe aliona aibu. Akaenda hivyohivyo hadi Makwale, magoti yanagonga usukani, watu wanatoka majumbani kumtazama. Mama mkwe alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sijasahau tena.

Taratibu ile baiskeli ikaanza kuzungumza kwa niaba yetu. Asubuhi nakuta mnyororo umepakwa mafuta. Mimi narudi naosha matope ya njiani hadi kwenye spoku. Siku nyingine nikakuta keria imefungwa kipande cha tyubu, cha kubana madaftari yasianguke. Mimi nikaisugua kengele kwa majivu mpaka ikang'aa. Na zile asubuhi zenyewe, sijui niziseme vipi. Ukungu umelala juu ya mpunga, milima imekatika katikati, vilele vinaelea peke yake. Harufu ya kakao iliyovundikwa inakuja kama ya pombe inayochachuka. Nakanyaga pedeli, sisikii ila mnyororo, na wakati mwingine nilihisi sipo njiani, bali nimeketi mahali na dunia ndiyo inapita. Sikuwahi kuchelewa tena.

Ila siku moja tu nilikaribia. Afisa elimu alikuwa anakuja kuwaona walimu wa kujitolea wakifundisha, na nani abaki ingejulikana siku hiyo. Nusu ya njia, tairi la nyuma likaisha pumzi. Solusheni na viraka vilikuwemo kwenye kimfuko chini ya siti, pampu iko kwenye fremu, lakini kuziba pancha nilikuwa sijui. Nimesimama nimeshika kiuno, machozi yako karibu, nikasikia kikohozi.

Alikuwa mzee, anakwenda shambani na jembe. Miguu yangu ilijua la kufanya kabla yangu: niliiacha baiskeli barabarani, nikaingia kwenye mpunga hadi vifundoni na kumpa mgongo. Nikamsikia anasimama. Nikasikia jembe linawekwa chini, kisha magoti yanalia ka, kisha akaguna kwa maumivu alipopiga goti. Tairi likavuliwa. Ikapita kimya, bila shaka anapuliza solusheni ikauke. Halafu pampu, fuu, fuu, fuu.

“Wewe baiskeli,” akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili baiskeli yenye mwalimu wa Matema ielewe. “Umekanyaga mwiba, unanyamaza. Hujui mwalimu wako leo ana wageni? Haya, mpeleke. Na usimwangushe.”

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno yake yanayonihusu. Nikauambia mpunga, kwa sauti kubwa na kwa lugha yao, “Ndaga fijo!” Asante sana. Mpunga ukatikisika kidogo, na nyuma yangu nikasikia mtu anacheka puani akiondoka. Nilifika shule na matope miguuni, mgeni hajaingia. Nikabakizwa.

Mwezi uliofuata mwenye duka alinipigia simu: mzigo umefika, nami ni wa tatu kwenye daftari. Ilikuwa Jumamosi. Nilitoka saa kumi kasoro, nikapita ndani ya shamba la kakao ili nisikutane na mzee. Humo ndani mwanga ni wa kijani, majani makavu yanalia chini ya miguu, nikaenda polepole. Kengele ikalia kwenye kona, karibu kuliko nilivyotegemea. Nikasimama nyuma ya mti.

Mzee hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye siti, siti iko juu kwenye alama yake. Alipokwisha kupiga kengele aliiegemeza kwenye mgomba, akakaa juu ya gogo, akaanza kuyasugua magoti. Nikangoja aondoke. Hakuondoka. Alitazama njia ya Makwale kwa muda mrefu sana, kisha akainuka na kuigeuza baiskeli kuelekea nyumbani. Chini palikuwa na mistari ya matairi na nyayo za kandambili ubavuni mwake, za siku nyingi, nilizokuwa nazipita kila asubuhi bila kuzifikiria.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikamkuta mama mkwe kwenye kinu. Nikamuuliza tangu lini mzee anaisukuma.

“Tangu mvua zianze,” alisema bila kuacha kutwanga.

“Ni kwa sababu ya siku ile niliyosahau siti?”

“Acha. Maumivu ya magoti yale yana umri mkubwa kuliko ndoa yako.” Akatwanga mara mbili tatu. “Anasema ukijua hapandi tena, utaona umemnyang'anya baiskeli. Nawe usiseme kwamba unajua.”

Nilitamani kwenda kumtazama usoni siku ile, desturi na iwe ilivyo. Sikwenda. Nilikwenda mjini. Baiskeli yangu ilikuwepo, ya kijani, imefungwa makaratasi, inanukia mpira mpya. Nikaishika usukani, moyo ukaniuma, maana niliitaka kwelikweli. Kisha nikamwambia mwenye duka ampe wa nne.

“Mwalimu! Umengoja miezi yote hii!”

“Nyumbani ipo,” nikasema. “Tunatumia wawili.”

Nikiwa na yangu, ile nyeusi ingekaa chini ya upenu mchana kutwa, na watu wangeuliza kwa nini mzee haendi tena Makwale wakati baiskeli ipo bure. Naye angelazimika kujibu.

Sasa maduka yamejaa baiskeli, zimepangwa hadi barabarani, na wenzangu shuleni wananicheka kwa chuma changu cha kale. Wacheke. Saa nane narudi, natoa spana, napandisha siti vidole vinne hadi kwenye mkwaruzo na kukaza vizuri, asije akayumba. Saa kumi kengele inalia, mara moja. Nami nachukua ndoo yangu kwenda kuteka maji, nikitazama upande mwingine.