Siku Mashine ya Randa Iliponyamaza

Nilipopunguzwa kazi ya ukarani, kaka wa mke wangu alinichukua karakanani kwake mtaani Jericho, nyuma ya maduka ya soko. Shemeji alikuwa ametoka Ukambani akiwa mchonga vinyago, akahamia vitanda na makabati. Mimi mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mikono yangu ilijua karatasi tu. Kazi yangu ikawa kupokea mbao upande wa pili wa mashine ya randa.

Mashine yenyewe ilikuwa meza mbili za chuma, na katikati yake mche unaozunguka, wenye visu vitatu virefu vilivyonyooka. Mche ule tuliuita kichwa. Kila kisu kilikuwa kikigonga mbao kwa urefu wake wote mara moja, na kelele yake haikuwa ya kawaida. Ilikuwa kama king'ora kilichobanwa mlangoni. Tulizungumza kwa vidole. Ukipitisha ubao wenye nyuzi zilizopindana, unanyofoka vipande, na shemeji anabaki kuusugua kwa msasa huku ameuma meno.

Ukuta wa mabati ulitutenganisha na kanisa dogo. Kila siku saa sita mchana pasta alianza ibada ya wafanyakazi. Saa hiyo hiyo mafundi wa karakana za jirani huzima mashine wakaenda kula, umeme unapata nguvu, basi nasi ndipo tunapoiwasha ya kwetu. Umeme ukipotea, tulifunga tukaenda zetu. Kwa hiyo kwa miaka miwili tulimwona pasta akipita na Biblia yake, tukamsalimu, lakini hatukuwahi kusikia neno lake hata moja.

Kisha karakana moja ya Industrial Area ikafungwa. Mwenyewe alikuwa anarudi kwao ng'ambo, na kwa sababu shemeji aliwahi kumchongea kinyago cha kifaru alichokipenda sana, alimwachia zawadi: kichwa cha randa cha aina mpya. Badala ya visu virefu kilikuwa na visu vidogo vya mraba, makumi, vimepangwa kwa kuzungukazunguka kama mistari ya kamba iliyosokotwa. Shemeji alikipakata jioni nzima.

"Kisu kikipoteza makali," aliniambia, "unakigeuza upande wa pili. Kina pande nne. Hebu fikiria, pande nne!"

Fundi wa kukereza vyuma wa Kariobangi alikipunguza kile kichwa ncha zake ziingie kwenye beringi zetu. Tatizo likabaki skrubu za kubana visu. Vichwa vyake vilikuwa na tundu la nyota, na Jericho nzima hatukupata bisibisi ya nyota. Shemeji akachukua kipande cha chuma na tupa ndogo, akaanza kuchonga nyota.

Siku ya kwanza ya kuchonga, mashine ikiwa imefunguliwa matumbo nje, saa sita ikafika. Ng'ambo ya mabati sauti ikalipuka, kubwa mpaka misumari ikatetemeka kwenye kopo.

"Baba! Ile mashine! Ivunje! Ivunje beringi zake! Ikatike mkanda!"

"Amina!" waumini wakaitika.

Tupa ya shemeji ilisimama hewani. Alikuwa mzee wa kanisa lake huko mtaa wa Tena, mtu wa kufunga na kuomba.

"Huyu anatuombea mabaya," alisema polepole.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Beringi si zimekufa mara tatu mwaka huu?"

Pasta naye aliendelea dakika kumi nzima, kisha ghafla akanyamaza, kama mtu aliyegundua kwamba anasikia sauti yake mwenyewe.

Siku ya tatu nyota ikakamilika. Siku ya nne tukafunga kichwa, skrubu moja moja. Siku ya tano, muda mfupi kabla ya saa sita, shemeji akabonyeza swichi. Nikaziba masikio kwa mazoea. Hakuna kitu. Nikayaachia, nikasikia mvumo mdogo, kama wa mtu anayekoroga uji chumba cha pili. Akapitisha ubao wa mvule wenye nyuzi mbaya kabisa. Ulitoka laini, na chini maranda yakaanguka kama punje ndogo ndogo. Shemeji aliupapasa, macho yakamjaa machozi.

Ndipo tukasikia nyimbo. Pasta aliingia akiongoza waumini kama ishirini, wakipiga makofi. Walikuwa hawajaisikia mashine siku tano, wakaja kutoa ushuhuda mbele yake wakidhani imekufa.

"Ndugu zangu mafundi," akanguruma, maana hiyo ndiyo sauti aliyokuwa nayo, "hatuna chuki nanyi. Lakini Bwana ameinyamazisha!"

"Nani?" Shemeji alishikwa na hasira. "Mimi nimechonga nyota siku tatu! Hapa!" Akamwonyesha malengelenge.

Lakini nyimbo zilimmeza. Pasta akatoa kitambaa cheupe, akakiweka juu ya kiganja, akanyoosha mkono kwenda katikati ya meza mbili, penye kichwa, auwekee mzoga baraka za mwisho. Kumbe hakuna aliyekuwa ameizima.

Shemeji alishika kipande cha kusukumia mbao, akamchapa pasta mkononi mbele ya kondoo wake wote. Mkono ukaruka juu. Kitambaa kikaanguka. Mashine ikakivuta bila kubadilisha mvumo, na vipande vyeupe vikaturukia vichwani kama harusini.

Mama mmoja akapiga kelele, "Wee! Amempiga mtumishi!" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, hesabu vidole!"

Pasta alivihesabu. Akavihesabu tena. Mimi nikakumbuka swichi, nikaizima.

"Asante," pasta akasema. Ilikuwa sauti ndogo, ya kawaida, kama ya karani mwenzangu wa zamani. Sidhani hata waumini wake walikuwa wameijua.

Shemeji akaketi chini kwenye maranda. "Ningekukata mkono," alisema. "Kelele ile ilikuwa inawaonya watu. Sikufikiria."

Siku hiyo hatukufanya kazi tena. Kesho yake tulifunga balbu nyekundu inayowaka mashine inapozunguka, na uzio wa mbao wa kuzuia wageni. Pasta alikuja kuikagua balbu mwenyewe. Ibada ikirudi kwa sauti kubwa, maana mazoea hayaachi upesi, shemeji alikuwa akigonga bati mara mbili, na sauti inashuka.

Baadaye pasta akazoea kupita baada ya ibada kujifunza useremala. Alitengeneza kigoda. Alikileta nje kwa fahari, akakikalia, kikaegemea upande mmoja. Shemeji alimwambia ni kizuri sana, na ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema.