Walivyohamishia Ofisi ya Mume Wangu Uwanjani

Meza ya mume wangu ilikuwa katikati ya uwanja wa voliboli.

Siyo utani. Meza, kiti, bendera ya Ekwado, mpaka muhuri. Vyote chini ya wavu, na tarafa nzima imezunguka inacheka.

"Mheshimiwa, ofisi imekufuata yenyewe!" mmoja akapaza sauti.

Fausto wangu alikuwa ameteuliwa na gavana kuongoza tarafa yetu ya milimani. Kazi yake kusuluhisha magomvi na kuwapa hati ya kinga wanawake wanaopigwa. Lakini ukimtafuta, kufuli mlangoni. Jamaa yuko uwanjani anapiga mpira.

Siku hiyo mjumbe wa gavana alikuwepo.

"Wa kumtetea asimame," akasema.

Mimi mkewe nilijaribu. Nikainuka nusu, nikakaa tena. Ningesema nini?

Akasimama Mama Hortensia, mama mkwe wangu. Akaweka kofia yake sawa. Nikashusha pumzi. Afadhali, mzazi hamtupi mwana.

"Ufunguo wa ofisi niliwapa mimi."



"Mama, unasema nini?" Fausto akauliza.

"Nyamaza! Zoila alikimbilia ofisini kwako usiku na mchana, akakuta kufuli. Mumewe akamkamata pale pale mlangoni, akamvunja mkono."

Zoila alikuwa mbele yetu, mkono umefungwa plasta.

"Nilimwokota mimi, wewe unacheza mpira. Nikapanda basi kwenda kwa gavana kukushitaki. Mimi, mama yako. Ng'oka, mwanangu."

Akakaa, akajifunika uso kwa shali. Mabega yakawa yanatikisika.

Mjumbe akatamka kwamba Fausto ameondolewa. Hakuna aliyecheka tena.

Fausto akatoka peke yake, macho chini. Nami nikabaki nimeganda kama nguzo, kila jicho kwangu.

Zoila akanisogelea. Nikajikunja, nikijua leo natukanwa.

Akanishika bega kwa ule mkono mzima.

"Dada Delfina, watoto wamekula? Nimepika supu ya viazi. Njoo uwachukulie."

Jamani, bora angenizaba kofi.

Ndugu zangu, cheo ni dhamana, na wengi tunalitamka hilo mdomoni tu. Nilidhani aibu ni mume kufukuzwa kazi. Sivyo. Aibu ni kuonewa huruma na mtu ambaye mumeo alimfungia mlango.

Supu niliipokea. Hadi nafika nyumbani, sikuweza kumtazama mtu usoni.