Mpishi Anayetazama Midomo

Mpishi wa mgahawa mpya wa sushi hana maneno. Hulowesha vidole, hutandaza wali kwenye mwani mkavu, hulaza samaki, hukunja, hukukabidhi mkononi, kisha hukutazama mdomo. Shangazi alipokea kipande cha kwanza, akakishika kwa adabu mpaka dada zake wote wapate. Walipouma, mwani ulikuwa umeshalegea, unavutika kama mpira.

"Ndicho walichokuwa wanakisifia hiki?" akauliza dada mmoja.

Mpishi akashusha macho. Shangazi, kwa udadisi wake, hakumwondolea macho. Akamwona anajikunjia kimoja, anageukia ukuta, anakiuma papo hapo. Kwaru!

"Kaka," akamwita, "kumbe hakingoji watu?"

"Hakingoji, mama," akajibu, shavu limejaa.

"Na ukanyamaza!"

Akameza kwanza. "Mlikuwa mnangojana vizuri sana."