Kaka Yangu Anauza Mrututu kwa Sura Yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, Muislamu, nipo hapa Bujumbura, sijaolewa, nasoma kemia chuo kikuu. Naandika nikiwa na hasira.

Kazi yetu pale labo, yaani maabara ya chuo, ni kuunganisha madini kama shaba na fedha na kemikali nyingine, halafu tunaangalia kama mchanganyiko ule unaua fangasi walioshinda dawa za kawaida. Ndani ya visahani vya kioo baadhi ya michanganyiko inaua kweli. Lakini kutoka kisahani mpaka mwili wa mtu ni mbali sana, maana kinachoua fangasi kinaweza kuua ngozi na figo pia.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza habari za masomo yangu, isipokuwa kaka yangu mkubwa. Siku moja tukiwa tunakula aliniuliza maswali mengi, nikamweleza kwa furaha, akanipiga na picha nikiwa na koti langu jeupe. Nilijiona nina kaka.

Kumbe! Mwezi uliopita mlinzi wa labo aliniita nje. Nikakuta mama mmoja wa Gatumba, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimefungwa kitambaa. Akanionyesha kikopo cha pomadi chenye picha yangu, ile ile aliyonipiga kaka.

"Ni we huyu?"

"Ni mi, lakini..."

Akafungua kile kitambaa. Mtoto alikuwa na mapunye tu. Sasa kichwa kizima kimebabuka, kinatoa maji.

"Walituambia ni dawa ya metali, ya dokta mwanamuke. Mutoto wangu alikukosea nini?"

Niliwapeleka hospitali, kisha nikafungua kile kikopo. Rangi ya buluu. Ni mrututu, ile chumvi ya shaba wanayopulizia mimea, kaka amesaga akachanganya na vazelini!

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa kaka, Nyakabiga. Hata kuinuka hakuinuka.

"Si we mwenyewe ulisema shaba inaua fangasi?"

"Nilisema mu kisahani! Na jiki inaua, utapaka mutoto jiki?"

"Sasa hiyo dawa yenu itatoka mwaka gani? Watu miguu inaoza na maji ya mafuriko. Mi angalau nawapa kitu."

Kitu! Nilivunja vikopo vyote nilivyoviona. Kesho yake alikuwa ametengeneza vingine.

Profesa wangu ameniambia niende polisi nimtaje aliyefanya, ao niache labo. Mama ndiye anayenimaliza. Anasema, "Ukimufunga kaka yako, siku nikifa usinizike."

Juzi nimemkuta kibarazani amejipaka ile pomadi miguu yote miwili. "Ona, haina neno. Ni dawa ya mutoto wangu." Mama ana kisukari, miguu yake imekufa ganzi. Ngozi ya vidole ilikuwa inatoka naye hasikii chochote. Nilimwosha kwa sabuni huku nalia na kumgombeza, akanisukuma, akaomba kikopo chake.

Asiniambie mtu nisamehe, ule mtoto wa Gatumba bado amelazwa. Lakini mama ni mmoja. Nyinyi mliowahi kusimama kati ya mzazi na haki, nishaurini: nimpeleke kaka polisi na mama anikane, ao kuna njia ambayo mi siioni?