Ndiyo ya Tantine Rolande

Kwao Bukavu, Rolande alilelewa na baba mwalimu, na katika nyumba ile neno la kwanza la mtoto kwa mkubwa lilikuwa "ndiyo". Umeitwa, jibu ndiyo. Umekemewa, jibu ndiyo. Haikuwa na maana kwamba umekubali. Maana yake ni kwamba umesikia na una adabu. Kukubali au kukataa kulikuja baadaye, polepole, jikoni, kwa kumpitia mama au shangazi. Mtoto wa kusema hapana usoni pa mkubwa alionekana kama amelelewa na mbuzi.

Adabu hiyo alikuja nayo Ubelgiji. Katika nyumba ya wazee kule Ganshoren, ambako kwa miaka mingi aliwaogesha wazee na kuwavisha, wakubwa wake wa kazi walimpenda kwa sababu hiyo. Akiambiwa abadilishe zamu, alijibu, "D'accord, madame," ndiyo ya Kifaransa. Kesho yake angerudi kwa upole na kusema kwamba Jumapili ana misa, nao wangempangia siku nyingine. Wazungu wenyewe walikuwa wameizoea ndiyo yake yenye mlango wa nyuma.

Mdogo wake Mathilde hakuwa hivyo. Yeye alisema hapana hata kwa daktari. Ugonjwa ulipomlaza mara ya mwisho, mwezi wa tano, alimshika dada yake mkono akasema, "Yaya, dada yangu, mutoto wangu Myriam asome. Sayansi, vile yeye mwenyewe anataka. Usiache bamutie fasi yenye hakuchagua."

"Ndiyo," alijibu Rolande, na safari ile ndiyo yake haikuwa na mlango wa nyuma.

Basi Myriam, msichana wa miaka kumi na tano mwenye ndoto ya kuwa mfamasia, akahamia kwa mama yake mkubwa huko Evere na vitabu vyake na koti la mama yake.

Shule ya Myriam ilijivunia kwenda na wakati. Mwanzoni mwa mwaka ule wa masomo, Mathilde angali hai, Madame Nathalie, naibu wa mkuu wa shule, aliwakusanya wazazi na walezi akawaonyesha ukutani mambo ambayo shule imeyapa kipaumbele: kila mwanafunzi na kompyuta yake, watoto wafundishwe kutoyaamini upesi majibu ya akili bandia, na karatasi ziishe kabisa. Matokeo, ruhusa, mashauri, yote yatapita kwenye simu. "Kazi yenu ni ndogo," alisema. "Fungueni ujumbe, someni, jibuni." Mathilde alikuwa tayari mgonjwa, kwa hiyo Rolande ndiye aliyeandikishwa namba yake.

Papa Rigobert, kiongozi wa kwaya yao, ambaye binti yake Emmanuella alisoma darasa moja na Myriam, alimwinamia Rolande sikioni. "Maman Rolande, maskini batoto ba leo! Shiye zamani, bulletin, karatasi ya matokeo, kama ni mubaya ilikuwa inaanguka mu ziwa. Sasa hii ya mu téléphone itaangukia wapi?"

Rolande alicheka ndani ya kitambaa chake. Hakujua kwamba angekuja kulia juu ya maneno yale.

Ujumbe ulikuja kwa wingi. Chakula cha wiki, picha za matembezi, mabasi yamegoma, kompyuta ziletwe zimechajiwa. Chini ya kila mmoja palikuwa na kitufe cha kuthibitisha kwamba umepata. Rolande alivifinya vyote. Alifinya akiwa kwenye tramu, alifinya akikoroga uji. Kumwacha mwalimu bila jibu kungekuwa utovu wa adabu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita kulikuwa na misa ya arobaini ya Mathilde. Wiki ile kichwa cha Rolande kilijaa viti vya kuazima, majani ya muhogo ya kupika sombe, padri, na wageni wa kutoka Liège wasiokuwa na pa kulala. Asubuhi moja alikuwa ametoka kumwogesha mzee mmoja, mikono ingali na harufu ya sabuni, simu ikatetemeka mfukoni. Shule. Ujumbe mrefu. Aliona jina la Myriam, akaona neno "section", yaani mkondo wa masomo, akaona vitufe viwili: D'accord na Pas d'accord, nakubali na sikubali. Nitasoma jioni, alijiambia. Na kwa kuwa mwalimu haachwi akisubiri mlangoni, akafinya D'accord. Nimesikia, madame.

Jioni ilikuwa ya sombe. Alikuwa akimpikia marehemu, akamsahau aliye hai.

Siku ya matokeo Myriam alirudi na uso mweupe kama majivu. Alikuwa amefaulu, ila si kuendelea na sayansi. Mwaka ujao angepelekwa section ya kazi za ofisi, katika shule nyingine.

"Tantine, banasema ni wewe njo ulikubali."

Hapo ndipo Rolande alipokumbuka kitufe. Kweli ilikuwa hapo kwenye ulimi, ilibaki kuitema tu. Lakini macho ya msichana yalikuwa macho ya Mathilde, na Rolande aliyaogopa.

"Mimi? Sikuona kitu," alisema. "Labda ni machine yabo ilikosea."

Myriam alimwamini. Hilo ndilo lililomtesa Rolande usiku na mchana: hakumwuliza mara ya pili. Msichana alifungua kompyuta yake akamwandikia Madame Nathalie kwa hasira kwamba tantine wake hakuupata ujumbe wowote, kwamba chombo chao kinadanganya watu, na kwamba anadai waonane. Rolande alisimama nyuma ya kiti akimtazama akiandika. Jumapili misani alienda kupokea komunyo, akafika katikati ya mstari, akageuka akarudi kwenye benchi lake akilia. Watu walidhani ni kilio cha msiba.

Wakaitwa. Madame Nathalie aliwakaribisha kwa heshima, akageuza kioo cha kompyuta ili nao waone. Hakupaza sauti.

"Myriam, hiki chombo kina makosa yake, sikatai. Lakini ujumbe ulifunguliwa, na jibu likatolewa. Tazama."

Myriam hakukitazama kioo. "Ni kosa lenu. Tantine wangu hawezi kusema uongo, madame. Ni mtu wa Mungu."

Rolande alihisi kiti kikimchoma. Neno lile, mtu wa Mungu, lilimwingia kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa.

"Ni mimi," alisema kwa Kifaransa, kisha akamgeukia msichana akarudia kwa lugha yao. "Myriam, ni mimi njo nilifinya. Sikusoma. Nilifinya tu, juu ya kuonyesha adabu. Na nyumbani nilikudanganya."

Madame Nathalie ndiye aliyeeleza yale ambayo Rolande hakuyasoma. Alama za hisabati za Myriam zilianguka tangu mama yake alipozidiwa. Walimu waliliona hilo, wakawa tayari kumpa mtihani wa mdomo kabla ya kuamua, mradi mlezi akatae pendekezo lao la kumhamisha section. Mwalimu wa hisabati alibaki shuleni akimsubiri. Jibu lilipofika, alifunga mfuko wake akaenda nyumbani.

"Sasa baraza la walimu limekwisha kukaa," alisema. "Zimebaki njia mbili. Akubali section mpya, au arudie mwaka huu hapa hapa, na sayansi yake."

Mdomo wa Rolande ulikuwa umeshaanza kujibu d'accord, kwa mazoea tu. Aliuuma mdomo wa chini.

"Aseme yeye," alisema.

"Nitarudia," alisema Myriam.

Kituoni walisubiri basi. Mkubwa kumwomba mtoto msamaha si jambo la kwao. Mkubwa hununua soda, au hupika kuku, na mtoto anaelewa. Rolande hakutafuta kuku. Alisimama mbele ya msichana akamshika mikono yote miwili.

"Unisamehe, mama. Nilipoteza mwaka yako. Na nilikuacha ugombane na bantu juu ya bongo yangu, juu ya uongo."

"Nilimuita ule madame mwongo, Tantine. Niliandika vile. Na jina yangu iko chini."

"Najua."

"Mama angesoma."

"Najua, mama. Angesoma."

Basi lilifika. Myriam aliingia, akakaa dirishani, akaweka begi lake kwenye kiti cha pembeni. Rolande alisimama njia nzima, akishika chuma.

Alipoungama, padri alimwambia kwamba Mungu amekwisha kusamehe. Rolande alimshukuru. Hakuwa na shaka juu ya Mungu.

Shule zikafunguliwa mwisho wa mwezi wa nane. Myriam alienda na kompyuta yake mgongoni, mrefu kuliko wenzake wapya wote, na nyumbani alijibu alipoulizwa, akala, akaosha sahani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana, Papa Rigobert alikuja akamshika Rolande bega.

"Maman Rolande, pole sana. Emmanuella alituelezea. Ati Myriam aliambia batoto bote ba shule, amerudia juu ya kifo ya mama yake, hakuweza kusoma. Kweli kifo inaharibu mingi! Tutawekea Mathilde misa ingine."

Rolande alimtafuta Myriam kwa macho. Alikuwa hatua chache kando na Emmanuella, na alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, akijifanya anafunga koti la mama yake, koti ambalo vifungo vyake vilikuwa vimefungwa tayari.

Kwa hiyo hivyo ndivyo Myriam alivyomficha tantine wake. Alikuwa ameichukua aibu ya mama yake mkubwa akambebesha marehemu, ambaye hakuwa na kinywa cha kujitetea. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kila mtu pale alikuwa amekwisha kusikitika, na Papa Rigobert alikuwa tayari akitafuta tarehe ya misa.

"Si Mathilde, papa," alisema Rolande, kwa sauti iliyowafanya hata wamama wa kwaya wageuke. "Mathilde muache apumzike. Shule iliniuliza, nikafinya bila kusoma. Ni mimi njo nilimurudisha mutoto nyuma."

Papa Rigobert alitaka kutania, akaishia kuuondoa mkono wake begani. Mtu mmoja alikohoa.

Myriam alikuja akamvuta mkono wa blauzi, kwa nguvu, kama mtu anayemtoa mwenzake barabarani.

"Tantine, inatosha," alisema. "Tuende."

Wakashuka pamoja hadi kituoni, na Myriam hakuuachia mkono ule wa blauzi. Lakini Rolande hakuthubutu kumwangalia usoni ili ajue kama anamshika kwa upendo au kwa aibu.