Namuar Hapotezi Mtu

Pale Nawoitorong, Lodwar, watu humsikia Namuar kabla ya kumwona. Kazi yake nimeieleza mpaka nimechoka, lakini haya, sikilizeni tena. Kuna chuo kikuu Nairobi kinachotaka kujua waliosomea kwake sayansi na uhandisi mpaka shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa daktari, wameishia wapi. Wameajiriwa? Wanafundisha? Wameiacha fani? Kila baada ya miaka miwili Namuar hutumiwa majina ya walio pande zetu za Turkana, naye huwatafuta. Mimi, Lokeno, ndiye dereva wa mama huyu. Nimempeleka mpaka Todonyang kumfuata mtaalamu wa samaki aliyezima simu, akampata ndani ya mashua na kumhoji humo humo majini. Namuar hapotezi mtu. Ndiyo sifa yake na ndiyo maringo yake.

Safari iliyopita jina gumu lilikuwa moja: Barnabé, Mkongomani, daktari wa kemia. Alimaliza masomo akarudi kwao, kisha profesa wake akasikia kwamba yuko katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Sasa, kwetu Waturkana mtu akija bomani kimya kimya anashukiwa. Anayenyata ni mwizi wa mifugo. Mtu mwema husimama mbali, akasalimu kwa nguvu, akasema yeye ni nani na anamtaka nani. Namuar alilelewa hivyo kule Lowarengak, na mimi vilevile. Basi tulipofika Kakuma alishuka garini akaanza nyumba hadi nyumba.

"Ejok! Mimi ni Namuar wa Lodwar. Natafuta Daktari Barnabé, Mkongomani, ule wa kemia!"

Sokoni, kwenye bomba la maji, mlangoni mwa kanisa. Watu walitikisa vichwa. Wengine walituangalia, wakaingia ndani na kufunga. Nikasema moyoni, hawa watu wana kiburi kweli.

Aliyetukomesha ni Khadro, Msomali anayeuza chai karibu na msikiti. Alimshika Namuar mkono, akamvuta mpaka nyuma ya kibanda.

"Mama, nyamaza," alimwambia. "Hapa hakuna mtu alikuja kutembea. Kila mtu alikimbia mtu. Wewe unatangaza jina yake, masomo yake, kwao, kama mnada ya mbuzi. Kama iko mtu anamwinda, umemsaidia."

Namuar aliuliza kwa kunong'ona kama anamjua Barnabé. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akinong'ona. Na mimi niliona kwamba mama wa chai amesema kweli.

Khadro alikuwa mmoja wa wachache waliojua jina lake. Pale kambini aliitwa Fundi tu, mtu wa kutengeneza betri za sola. Alimtumia ujumbe, tukangoja, kila pikipiki iliyopita ikitushtua. Barnabé alikuja na begi mgongoni, ameshafungasha.

"Ni weye mama unaita jina yangu kote?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

Aliketi karibu na mlango wa nyuma, akatueleza akiangalia barabara. Kwao alipima maji ya mto chini ya mgodi, akaandika kwamba yana sumu. Mwenzake waliyetia sahihi pamoja aliuawa. Wauaji walimjua kwa jina na kwa shahada, ila hawakujua alikokimbilia. Kambini hata jirani hakujua kama amevuka darasa la nane. Usomi wake aliuficha kama watu wanavyoficha ugonjwa.

"Sasa Kakuma yote inajua," alisema.

Namuar alichanganyikiwa, na mazoea ya kazi yakamponza. Swali lilimtoka lenyewe: je, shahada yako imekusaidia katika kazi unayofanya sasa? Nilitamani kumkanyaga mguu. Barnabé alicheka kicheko kibaya.

"Imenisaidia kukimbia, mama. Andika vile."

Hakuandika. Barnabé akatoka na nduguye Khadro, Abshir, mwenye lori. Wanaelekea wapi, hatukuuliza.

Siku chache baadaye nilikuwa nafunga tairi pale kwa Namuar, mchana kweupe, akaja mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa katika vumbi lile.

"Mama, kule Kakuma wanasema Namuar hapotezi mtu," alisema kwa upole. "Barnabé ni ndugu yangu. Mama yetu analia kila siku. Ulimpata?"

Spana ilinitoka mkononi. Akisema hakumpata, huyu ataendelea kutafuta. Akisema alimpata, mtu amekwisha.

"Nilimpata," Namuar alijibu. "Nilimpata kaburini. Malaria. Pole sana."

Kwetu, kusema mtu aliye hai amekufa ni kumwitia kifo. Namuar hafanyi mzaha na mambo hayo, hata mzee akiwa mahututi hamtaji hivyo. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya uongo. Yule mwanamume aliyatazama muda mrefu. Yeye hakulia. Alisogea kando, akapiga simu, akasema maneno machache ya Kifaransa na kwenda zake. Ndugu gani huyo.

Neno likishatoka kinywani lazima liwe lilelile kila mahali. Chuoni pia Namuar aliwaambia kwamba amekufa, nao wakatuma rambirambi.

Mwaka huu majina yamekuja tena. La Barnabé halimo, wala halitarudi. Namuar aliingia garini, akafunga mlango, akakaa.

"Lokeno, mtu amesoma miaka yote ile, na mimi nimeuzika udaktari wake."

"Lakini yeye mwenyewe yuko hai," nikamwambia.

"Umejuaje?"

Niliwasha gari.

"Mimi pia sijui," alisema. "Na siwezi kuuliza."