Tuliposhushwa Mchangani

Enzi zetu kule kusini ya Ikungi, kabla barabara haijachongwa na kabla kila kijana hajawa na pikipiki yake, kijiji kizima kilikuwa na gari moja, na lilikuwa la baba yangu. Ilikuwa Landrova ya kijani iliyopauka mpaka ikafanana na majani ya mtama wakati wa kiangazi. Baba aliinunua ikiwa imechoka tayari, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Singida Mjini. Tangu siku ilipoingia uwanjani kwetu, sisi watoto hatukucheza tena kombolela wala rede kwa moyo mmoja. Tulicheza gari. Tulijenga magari ya mabua, magurudumu tukayakata kwenye kandambili zilizokwisha, na ngurumo tukazitoa mdomoni mpaka mate yakatuishia.

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimezunguka sana. Nimeuza kuku stendi, nimepika chai kwa mafundi wa barabara Manyoni, nimefanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti mpaka nywele zikanuka mashudu. Kila nilipokwenda niliuliza maswali mengi kuliko niliyolipwa kuuliza. Lakini darasa langu la kwanza lilikuwa nyuma ya Landrova ile, juu ya magunia, katikati ya kuku waliofungwa miguu, harufu ya dizeli na asali mbichi, na makalio ya shangazi zangu.

Baba aliendesha polepole kiasi kwamba mbwa wa njiani walichoka kutufukuza, wakatupita, wakakaa mbele kutungoja. Akiona ng'ombe kule mbali, alikuwa ameshaondoa mguu kwenye mafuta. Landrova inajiendea yenyewe, inapungua mwendo kidogo kidogo, na ikifika pale ng'ombe wamekwisha kuvuka, naye anaendelea bila kugusa breki. Asubuhi ya safari aliyagonga magurudumu yote kwa kisigino, na lililolegea tulilijaza kwa pampu ya mkono, watoto wawili wawili tukining'inia kwenye mpini. Kitu kisichosafiri hakukibeba. Siku moja alishusha jiwe la kusagia ambalo mjomba alilisahau nyuma ya gari tangu mavuno, akamwambia, "Shemeji, hili jiwe limefika Singida mara nyingi kuliko dada yako."

Na kuagana! Sisi Wanyaturu tukiagana tunaagana kweli. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, za mbuzi, za mguu uliokuwa unauma mwaka jana, na anapokwisha kujibu naye anaanza kuuliza. Madereva wengine wangengoja huku injini inaunguruma. Baba alizima. "Aganeni kwanza mmalize," alisema. "Gari halina shangazi hapa." Kwa kuwa betri ilikuwa mgonjwa, aliegesha kwenye mteremko kila mahali, ili akitaka kuondoka aiachie tu iserereke mpaka iwake. Watoto tulijua miteremko yote kutoka kwetu mpaka mjini kama mnavyojua ninyi majina ya wachezaji mpira.

Kwetu sisi tuliojifundisha kuendesha kwa kumtazama alikuwa na neno moja tu: "Kanyaga kama kuna mtu amelala nyuma."

Lakini lililomchukiza kila abiria ni mchanga. Kati ya kijiji na barabara kuu kulikuwa na korongo pana, mchanga mtupu, laini kama unga. Baba alisimama kabla ya kuingia, akazima, akageuka nyuma. Watu walijua. Wote walishuka isipokuwa wagonjwa, wajawazito na kuku. Tukavua ndala, tukatembea, mchanga ukituunguza nyayo, huku Landrova nyepesi ikipita taratibu kando yetu kama mgeni anayeona haya. Tukifika ng'ambo tulipanda tena tukiwa na matunda ya furu mikononi, midomo imekuwa myeusi.

Kulikuwa na bibi mmoja muuza kuku, Bi Salma, ambaye hakunyamaza hata mara moja.

"Mzee Juma, nauli yangu ni ya kupanda au ya kutembea?"

"Ni ya kufika, mama."

"Basi kuku wangu wamepanda bure, na mimi mwenye kuku nimelipa nitembee!"

Gari zima lilicheka. Walisema Baba ni bahili, anaipenda Landrova kuliko watu, akifa azikwe nayo. Naye alicheka pamoja nao, akaendelea na mwendo wake wa kinyonga.

Watu haohao walimwombea dua kwa ajili ya dumu. Ndani ya stoo yetu, nyuma ya magunia ya alizeti, lilikaa dumu la dizeli lililofungwa kitambaa chekundu shingoni. Hilo lilikuwa la wagonjwa. Aliyeumwa na nyoka, mtoto aliyechemka homa, mama aliyeshindwa kujifungua, akiletwa kwetu Baba alifungua kitambaa, akamimina kwenye tanki, akampeleka hospitali mjini bila kumwuliza nauli. Kijiji kizima kiliamini kwamba kila safari ya mnada wa mjini Baba hununua dizeli ya ziada kwa hela ya faida yake mwenyewe, kwa huruma tu. Sisi wa nyumbani tuliamini hivyo pia. Walimshukuru kwa dumu, na mnada uliofuata wakamtukana mchangani.

Mwaka ninaousema, dumu lilikuwa na mtu wake. Mama mdogo Mwajuma, mdogo wa mwisho wa mama yangu, alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia nyumbani, nusura afe, na nesi wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi kwamba safari hii asijaribu kuzalia kijijini. Uchungu ukianza tu, aende Singida. Mama mdogo alikuwa mcheshi. Akipita mlangoni mwa stoo alipiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Na mimi nina gari langu humu ndani."

Katikati ya miezi ile kiuno cha Baba kilimshika vibaya hata hakuweza kukaa kwenye kiti. Walimpeleka Kilimatinde, kwa dada yake, akae karibu na hospitali ya huko. Ufunguo alimwachia kaka yangu Idi, aliyekuwa amepata leseni karibuni. Alimwambia, "Endesha kama ninavyoendesha." Hakuongeza neno. Baba hakuwa mtu wa kueleza.

Kaka Idi hakumshusha mtu. Siku ya mnada wa kwanza alipofika kwenye korongo, abiria walianza kuvua ndala kwa mazoea. Akapaza sauti, "Kaeni! Leo hakuna wa kutembea!" Akarudi nyuma kidogo, akaikanyaga, injini ikapiga kelele, Landrova ikaruka mchangani ikiyumba huku na huku, wanawake wakipiga vigelegele, kuku wakipiga makelele yao, tukatokea ng'ambo tumefunikwa vumbi na tunacheka. Bi Salma alimbusu kichwani. "Huyu ndiye dereva! Yule baba yako alikuwa anatuchunga."

Na mimi nilishangilia, kama wenzangu wote. Ilikuwa raha, sitasema uongo.

Aliendesha hivyo njia yote. Aliuvuta mwendo, akakanyaga breki mbele ya ng'ombe, akauvuta tena. Kwenye miteremko aliweka gia huru akaliachia gari liende litakavyo. Kule mnadani hakuzima injini, maana betri ilikuwa na ugonjwa wake na redio ilikuwa inacheza vizuri. Mama alipouliza kama hatumalizi mafuta, Kaka alikuwa na maelezo yaliyotukalia vizuri sote.

"Mama, wewe ukipika ukichochea moto chungu kikaiva haraka, si unabakiza kuni? Basi nami nikifika mapema, nabakiza mafuta."

Mama, ambaye alikuwa amebeba kuni maisha yake yote, alitikisa kichwa kukubali. Bi Salma alikubali. Wazee waliokuwa wakisikiliza walikubali. Hapakuwa na mtu mmoja kati yetu aliyeona kosa katika hesabu hiyo, na mpaka leo ninaporudia maneno yale naona jinsi yalivyokuwa matamu.

Ila Landrova ilianza kurudi na tanki kavu. Kaka alishangaa kweli. Alikwenda kugombana na muuza dizeli kule mjini, "Unanipimia povu!" mpaka wakatenganishwa. Na pale mafuta yalipopungua kabla ya safari, aliingia stoo akaongeza kidogo kutoka kwenye dumu. Mama alilitikisa siku moja.

"Idi, dumu limekuwa jepesi."

"Nitalijaza mnada ujao, mama. Na Baba akirudi si atanunua?"

Mnada ujao ulikuja, ukapita. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuanza kutembea kwa kushika kiuno.

Uchungu ulimshika alfajiri, jogoo wakiwika. Kaka alikimbilia stoo. Nilisikia dizeli ikimiminika, mlio mfupi tu, kama mtu anayewawekea kuku maji, kisha kimya. Tulimlaza mama mdogo juu ya mkeka nyuma ya gari, Mama upande mmoja, mimi nimepakata kichwa chake. Kaka aliendesha kama alivyojua, na safari hii alikuwa na hofu pia, kwa hiyo alikanyaga zaidi. Kila tuliporushwa, mama mdogo alisema kwa sauti ndogo, "Taratibu, Idi. Taratibu, mwanangu."

Korongo tulilivuka kwa kelele ileile. Hatukufika mbali. Kabla ya barabara kuu, pale kwenye mawe makubwa, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Kaka alishuka, akapiga tanki kwa ngumi. Lililia tupu. Alisimama akilitazama kana kwamba lilikuwa limemtukana, kisha akaanza kukimbia kwenda barabarani kutafuta msaada.

Upepo wa kwetu mnaujua. Ulivuma kati ya yale mawe na kupeperusha khanga ambazo Mama alikuwa anajaribu kuzishika zimsitiri mdogo wake. Jua lilichomoza, likapanda. Lori la alizeti lilipokuja hatimaye, Kaka akiwa amening'inia mlangoni, mama mdogo hakuwa anasema tena taratibu wala chochote. Hospitalini walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alitoka hajalia. Mama mdogo hakushika mimba nyingine.

Baba alirudi akitembelea fimbo. Watu walikuja kumpa pole, wakajaa uwanjani, na Kaka Idi alisimama peke yake karibu na stoo. Ni Bi Salma aliyesema, bila ubaya, "Mzee Juma, ungemwachia huyu kijana hela za kujazia dumu, haya yote yasingetokea."

Baba alimgeukia.

"Sijawahi kununua mafuta ya dumu lile, mama."

Hapo ndipo alipoeleza, pengine mara ya kwanza maishani mwake. Kila akirudi kutoka mnadani alitumbukiza fito kwenye tanki. Fito ilikuwa na alama, ya kiasi ambacho gari kama lile lingebakiza kwa dereva yeyote. Yaliyozidi juu ya alama aliyafyonza kwa mpira, akayatia kwenye dumu. "Ni ule mchanga," alisema. "Ni pale ninapozima mkiagana. Ni breki ambazo sikuzikanyaga. Ninyi ndio mliokuwa mnalijaza, kwa miguu yenu."

"Mbona hukutuambia?" Bi Salma aliuliza.

"Mlikuwa mnashuka," Baba akasema. "Nikadhani mnajua."

Baada ya hapo watu walishuka mchangani kabla gari halijasimama. Hata wazee walishuka. Walivuka korongo kimya, ndala mkononi, na Bi Salma hakuuliza tena habari za nauli. Nilitamani atukane. Kaka Idi hakugusa usukani tena. Analima vitunguu, na hata baiskeli huiendesha kana kwamba amepakia maji. Baba na mama mdogo walizungumza siku moja, wawili tu, na waliyosemezana hatukuyajua.

Sasa mimi naishi Mandewa na naendesha bajaji hapa mjini. Korongo limewekewa daraja, lami inang'aa, mafuta yanauzwa kila kona mpaka kwenye chupa za maji, na mjamzito anafuatwa na gari la wagonjwa au anapakizwa bodaboda. Hayo ni mema na sitaki yarudi nyuma. Lakini nawaona vijana wa siku hizi wamekaa ndani ya magari yao, injini inawaka, viyoyozi vinawapuliza, wanatazama simu, gari haliendi popote. Wanachomoka kama wamefukuzwa na nyuki, kisha wanakanyaga breki kwenye kituo cha karibu. Mimi nikingoja abiria nazima. Nikiona watu wanavuka mbele naondoa mguu mapema. Upepo wa matairi naupima kila asubuhi. Wenzangu wa kijiweni wanakufa kwa kicheko.

"Maza, wese lote hilo unamtunzia nani?"

Na kweli simtunzii mtu. Ninachobakiza siku hizi kinabaki kuwa changu, nakitumia kesho, basi. Hakuna atakayekuja kunigongea mlango akikihitaji. Zamani tulikuwa na mafuta ya kuhurumiana, na tulitembea kwa miguu kwa ajili ya mtu ambaye hata hatujamjua, tena bila kujua kwamba tunatembea kwa ajili yake.

Wanaponicheka huwa nawatazama nyuso zao mmoja mmoja. Mtoto wa mama mdogo angekuwa wa rika lao. Pengine angekuwa na bajaji yake hapohapo kijiweni, redio juu, injini inaunguruma bure, nami ningemgombeza mbele ya wenzake. Naye angenicheka. Ningependa sana anicheke.